Si Kila Mguso ni Amri

Shangazi alikuwa anaandika barua ndefu kwenye laptopu yake, nami nimekaa kando nikisubiri amalize tuzungumze. Anachapa macho yakiwa kwenye kibodi, kama wengi waliojifunza kompyuta ukubwani. Ghafla aya nzima ikatoweka. Mahali ilipokuwa pakabaki herufi moja: n.

Hakushtuka. Alibonyeza Ctrl na Z, aya ikarudi, akaendelea na barua yake.

Mimi nilichokitazama ni mikono. Viganja vyake havikugusa laptopu hata kidogo. Alikuwa ameviinua vikaning'inia hewani, mabega yamepanda, vidole vinashuka kwenye herufi kimoja kimoja kana kwamba kibodi ina moto.

"Shangazi, mbona unaandika hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Mikono juu juu."

Akaitazama mikono yake kama vile ndiyo kwanza anaiona. "Nikiilaza, mwanangu, hii kompyuta inaruka. Ndivyo ilivyo."

Ndivyo ilivyo.

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani wiki nyingi. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, amebadilisha namna ya kukaa, namna ya kushika mabega, namna ya kushusha vidole, ili asikikasirishe kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kadi chache. Na hakuna aliyemwambia kwamba kuna mahali, kwenye mipangilio ya kompyuta, pa kuweka au kuondoa tiki.

## Chini ya kidole

Ilibidi nianze na swali la kitoto: tachipadi, ule uso bapa ulio chini ya kibodi wa kusogezea kishale, inajuaje kwamba nimeamuru kitu?

Jibu ni kwamba haijui. Tachipadi ya kawaida haipimi uzito wa kidole. Chini ya uso wake kuna gridi ya njia nyembamba za umeme, na kwa kuwa mwili wa binadamu hupitisha umeme, kidole kikikaribia kinabadilisha hali ya umeme pale kilipo. Chipu inasoma mabadiliko hayo mara nyingi kila sekunde, kisha inakadiria: kidole kipo hapa, eneo lililoguswa ni kubwa kiasi hiki. Ndiyo maana ukiigusa kwa kalamu ya wino ya kawaida, haikutambui.

Kusogeza kishale ni rahisi, kidole kimehama na kishale kinahama. Kugonga, yaani kugusa kwa wepesi na kuinua kidole badala ya kubonyeza kitufe, ndiko kunakoleta kazi. Unapogonga hakuna kitufe kinachoshuka wala swichi inayofungika. Kuna mguso mfupi tu, na programu inapaswa kuamua kama mguso huo ulikuwa na nia ndani yake. Inaamua kwa vigezo vichache vikavu. Mguso umedumu muda gani? Kidole kimesogea kiasi gani? Vilikuwa vidole vingapi? Katika draiva (programu inayoendesha kifaa) ya zamani ya tachipadi za Synaptics kwenye mfumo wa Linux, kikomo cha kawaida cha muda kilikuwa milisekunde 180. Kidole kikitua na kuondoka ndani ya muda huo bila kusogea sana, hiyo ni amri. Vidole viwili vikifanya hivyo, ni amri ya kitufe cha kulia.

Milisekunde 180 haifiki hata moja ya tano ya sekunde. Sasa fikiria kidole gumba kinachokwenda kubonyeza kitufe cha nafasi, na shina lake likapita juu ya tachipadi iliyo chini yake. Mguso ni mfupi, tena hausogei, na ukingo wa kiganja unaweza kuonekana mdogo kama ncha ya kidole. Kwa vigezo vile, hakuna tofauti kati ya ajali hii na mtu aliyegonga kwa makusudi kabisa.

Kompyuta haijakosea. Imejibu sawasawa swali ililopewa.

Na ile aya iliyotoweka? Kuna kipengele kingine kinachoambatana na kugonga: ukigonga mara moja, kisha ukarudisha kidole haraka na kukiburuta, kompyuta inachukulia kwamba umeshikilia kitufe huku unaburuta. Ni njia nzuri ya kuhamisha faili. Lakini kiganja kikigusa mara mbili na kuteleza kidogo, maandishi yanachaguliwa, yanapakwa rangi ya buluu, na herufi inayofuata inayafuta yote na kukaa mahali pake. Shangazi, ambaye macho yake yako kwenye kibodi, haioni ile buluu. Anaiona n.

## Zamani kulikuwa na kitufe

Mwaka 1994 Apple ilitoa PowerBook za mfululizo wa 500 zikiwa na tachipadi mahali palipokuwa na mpira wa kuviringisha katika mashine zilizotangulia. Teknolojia ilitokana na kazi ya George Gerpheide, aliyeanzisha kampuni ya Cirque. Ukitazama picha za mashine hizo utaona jambo ambalo leo linaonekana la kizamani: chini ya tachipadi kuna kitufe kinachojitegemea. Uso wa juu ni wa kuelekeza, kitufe ni cha kuamuru, na hakuna wa kuchanganya viwili hivyo.

Jina jingine kubwa katika biashara hii ni Synaptics, iliyoanzishwa 1986 na Federico Faggin, mmoja wa waliobuni chipu ya Intel 4004, pamoja na Carver Mead. Hawakuanza na tachipadi. Walivutiwa na mitandao ya neva, yaani namna ya kuifanya saketi itambue mambo kama ubongo unavyotambua. Kila nikilikumbuka hilo nacheka kidogo, kwa sababu kazi waliyokuja kujulikana nayo ni ileile kwa umbo jingine: kukisia mtu alikuwa na nia gani kutokana na alama hafifu za kidole.

Kitufe kikaanza kupotea. Mwaka 2008 Apple ikatoa MacBook za alumini zenye tachipadi ya kioo isiyo na kitufe pembeni, uso wote ukawa kitufe. Mwaka 2015 ikaja tachipadi ya Force Touch, ambayo uso wake haushuki kabisa. Unabonyeza, kifaa kidogo cha sumaku kinautikisa uso, na kidole kinaamini kwamba kimebonyeza kitu. Watengenezaji wengine nao wakaondoa vitufe, wakatumia tachipadi yenye bawaba upande wa juu.

Kila hatua ilipunguza umbali kati ya kugusa na kuamuru. Kugonga kunaumaliza kabisa.

Mtu anayefika mlangoni hupiga hodi, na anayepita tu ukutani akaugusa kwa bega hajapiga hodi. Ndani ya nyumba tunatofautisha sauti hizo mbili bila shida, kwa sababu tunasikia na mengine: hatua zilizosimama, sauti ya mtu, utulivu unaofuata. Tachipadi haina hayo mengine. Ina bega na ukuta tu, na saa ya kupimia.

## Nani aamue?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na sidhani kama nimetoka.

Mac mpya inakuja kugonga kukiwa kumezimwa. Anayetaka anakwenda kwenye mipangilio ya tachipadi na kuwasha. Laptopu za Windows kwa kawaida zinakuja kukiwa kumewashwa. Kwenye Linux, maktaba ya programu iitwayo libinput, ambayo ndiyo inayotafsiri miguso katika mifumo mingi ya sasa, huanza na kugonga kukiwa kumezimwa kama tachipadi ina njia nyingine ya kubonyeza. Waandishi wake wameeleza sababu katika nyaraka zao, na sababu hiyo ilinipendeza mno. Wanasema hivi, kwa maneno yangu: asiyejua kwamba kugonga kupo ataona mibonyezo isiyoeleweka inatokea na atadhani mfumo ni mbovu. Anayejua na kukitaka, kwa kawaida anajua pia pa kukiwasha, au angalau anajua atafute nini.

Hiyo ndiyo hali ya shangazi, neno kwa neno. Utatafutaje kitu usichokuwa na jina lake? Alipowaeleza watu alisema kompyuta inaruka. Fundi mmoja alimwambia kibodi imechoka. Kibodi ikabadilishwa, pesa ikatoka, kompyuta ikaendelea kuruka. Baada ya hapo hakuuliza tena, aliinua mikono.

Kwa hiyo nilikuwa na msimamo wangu tayari: kugonga kuzimwe kiwandani, kila mahali, na anayekitaka akakitafute.

Kisha nikakumbana na GNOME, mradi unaotengeneza madirisha na mipangilio inayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux. Katika toleo la 46, la mwaka 2024, mradi huo unaoegemea libinput ileile uligeuza mambo: kugonga sasa kunakuja kukiwa kumewashwa. Sikulifurahia hilo, lakini nikijaribu kulikataa kwa haki, siwezi. Watu wengi leo wamekua na simu mkononi. Kidole chao kinagonga kabla hawajafikiri. Mpe mtu huyo laptopu yenye tachipadi isiyoitika anapogonga, naye pia atadhani imekufa, naye pia hatakuwa na neno la kutafutia. Hoja ileile ya asiyejua, ukiigeuza upande wa pili, inakata vilevile.

Tofauti niliyobaki nayo ni moja. Anayegonga bila kujibiwa anajua mara moja kwamba hakujibiwa. Atabonyeza kwa nguvu zaidi na jambo litatokea. Anayejibiwa bila kuuliza hajui hata kwamba aligusa. Kosa la kwanza linajionyesha palepale, la pili linajificha nyuma ya kibodi iliyochoka. Bado naegemea upande wa kuzima. Ila siegemei kwa uzito ule wa mwanzo.

## Nilipozima ya kwangu

Nilianza na laptopu yangu. Kwenye Windows 11 unafungua mipangilio, unaingia sehemu ya Bluetooth na vifaa, kisha tachipadi, kisha orodha ya namna za kugonga: kidole kimoja kwa kubofya, vidole viwili kwa kitufe cha kulia, kugonga mara mbili na kuburuta. Kila kimoja kina kisanduku chake. Kwenye Linux yenye GNOME ni swichi moja ndani ya mipangilio ya kipanya na tachipadi. Walioishi enzi za draiva ya Synaptics watakumbuka amri synclient MaxTapTime=0, ambayo kwangu bado ndiyo iliyo wazi kuliko zote: muda wa juu wa kugonga ni sifuri, kwa hiyo hakuna mguso utakaohesabiwa kuwa ni kugonga.

Siku za mwanzo kidole kiliendelea kugonga. Nakielekeza kwenye kitufe, nagonga, kimya. Nagonga tena. Halafu nakumbuka na kubonyeza. Nikagundua pia kwamba tachipadi yenye bawaba si kitu kimoja kutoka juu hadi chini: ukingo wa chini unashuka kwa wepesi, lakini karibu na kibodi unakaribia kuwa ukuta. Na ina kelele. Ndani ya chumba ambamo mtu mwingine amelala, ule mlio unasikika kama kosa.

Halafu pole pole nikaanza kuona kilichobadilika. Kile kimstari kinachopepesa kilibaki nilipokiacha. Niliweza kupumzisha kidole juu ya tachipadi wakati nasoma, bila kuogopa kwamba nikikiinua nitafungua kiungo fulani. Zaidi ya yote, niliacha kuwa na wasiwasi na kitufe cha kutuma. Anayeandika barua nzito, ya kazi au ya msiba, anaelewa. Kishale kikiwa kimelala juu ya neno Tuma na barua haijaisha, mkono mzima unashikwa na baridi.

Nikajiona nimepata dawa. Nikaenda kwa shangazi.

## Shangazi akaikataa

Nikamweleza, akasikiliza, akasema, "Haya." Nikaondoa tiki. Nikamwambia abonyeze.

Alibonyeza kwa kidole cha shahada, tachipadi haikuitika kwa sababu alikuwa juu sana. Akashuka chini, akabonyeza kwa gumba. Ikaitika. Akabonyeza tena, kisha akauondoa mkono na kuanza kulisugua fundo la gumba lile.

"Hapa unanionea, mwanangu."

Vidole vyake vimeanza kukaza viungoni, jambo ambalo nalijua fika, ila sikuwahi kulihusisha na kompyuta. Kwangu kubonyeza ni gharama ndogo niliyoilipa ili nipate utulivu. Kwake kila mbonyezo ni maumivu, na kwa siku anabonyeza mara nyingi sana. Kugonga, kitu nilichokuwa nakiona kama ujanja wa watengenezaji, ndicho kilichomwezesha kutumia mashine hiyo muda wote huo. Alikuwa akilipia wepesi wa kidole kwa uchovu wa mabega, na kama angelazimishwa kuchagua, angechagua mabega yachoke.

Nikarudisha tiki. Kisha nikavuta kiti, nikaanza kuvisoma vile visanduku vingine ambavyo siku zote huwa navipita.

Kuzima na kuwasha ni mwisho mmoja na mwisho mwingine. Katikati pamejaa mambo. Kile cha kugonga na kuburuta kina kisanduku chake peke yake, na ndicho kilichokuwa kinameza aya. Kukizima hakumzuii kugonga. Hicho kikaenda.

Halafu kuna wepesi wa kuhisi. Mimi siku zote nilidhani unahusu nguvu ya kidole. Kumbe kwenye Windows asili yake ni muda: katika Windows 8.1 chaguo hilo liliandikwa waziwazi kuwa ni kuchelewesha mibonyezo baada ya kuchapa, kuanzia kutochelewa kabisa hadi kuchelewa sana. Baadaye likapewa jina la wepesi wa kuhisi, na maelezo yale ya wazi yakapotea. Ukilishusha hadi chini kabisa, tachipadi inakuwa na mashaka zaidi na miguso inayokuja mara tu baada ya herufi. Libinput nayo ina kitu cha jinsi hiyo, kinachoinyamazisha tachipadi kwa muda mfupi wakati unachapa, na hakihesabu vitufe kama Ctrl na Shift vikibonyezwa peke yake, kwa sababu hivyo mara nyingi hutumika pamoja na kishale.

Kinga hii ina tundu. Mtu anayechapa hachapi mfululizo. Anaandika nusu sentensi, anasimama kufikiri, mikono inatua. Muda wa kunyamaza umeshapita, tachipadi imeamka, kiganja kinatua juu yake. Wachezaji wa michezo ya kompyuta wao wana lalamiko la kinyume: wanashikilia herufi kwa mkono mmoja na kutaka kusogeza kishale kwa mwingine, na tachipadi inawanyima.

Kwa shangazi tukaishia hivi: kugonga kwa kidole kimoja kumewashwa, kuburuta kwa kugonga kumezimwa, wepesi wa kuhisi umeshushwa hadi mwisho, na tachipadi inajizima yenyewe kipanya kikichomekwa. Hiki cha mwisho ndicho kilichosaidia kuliko vyote siku za barua ndefu. Kipanya kina vitufe laini visivyomuumiza, na tachipadi ikiwa imezimwa hakuna cha kuguswa.

(Kabla hujahangaika na mipangilio, chomoa chaja uone. Chaja isiyo na muunganiko mzuri wa ardhi inaweza kuingiza kelele za umeme kwenye tachipadi, kishale kikatetemeka na kugonga kukatokea chenyewe. Kausha na mikono pia. Tachipadi inasoma umeme, na maji yanaichanganya.)

## Mikono bado inapanda

Nilitarajia kwamba baada ya hapo angeandika akiwa ametulia. Aya hazipotei tena, hilo ni kweli. Lakini nilipomtembelea baadaye nikamkuta anachapa, mabega yako palepale juu. Kipanya kimechomekwa, tachipadi imezimwa, hata angelaza mkono mzima juu yake hakuna ambacho kingetokea. Nikamwambia. Akaishusha mikono, akaandika mistari miwili mitatu, na mikono ikaanza kupanda yenyewe, taratibu, huku yeye anafikiria barua.

Kuondoa tiki kulichukua sekunde chache. Hili lingine halina kisanduku.

Nimekuwa nikiwatazama watu wengine tangu hapo, kwenye ofisi, kwenye maktaba. Yuko aliyebandika karatasi ngumu juu ya tachipadi. Yuko anayezima tachipadi yote kwa kitufe cha juu cha kibodi kila anapoanza kuandika, na kuiwasha akimaliza. Yuko kijana aliyekunja mkono wa kushoto pembeni ya laptopu na kuchapa kwa wa kulia pekee, kwa kasi ya ajabu. Nilipomuuliza akasema hajawahi kufikiria kwa nini. Ningewaonyesha watengenezaji wa programu picha za mikono hii kabla sijawaonyesha takwimu yoyote.

Juzi shangazi akanipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akasema ana swali.

"Hivi, ninapoweka vidole viwili nikavuta chini, mbona ukurasa unakwenda kinyume na ninavyotaka? Nilikuwa nageuza tu mkono. Halafu nikasema hapana, ngoja nimuulize. Hicho nacho kina kisanduku?"

Nikamwambia kipo.

"Kiko wapi? Usije, nielekeze tu."